Mgonjwa aulizwe pia anaota nini

Kila anayehudhuria CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, hapa Tanzania huulizwa maswali kama haya anapofika: una kikohozi, una homa, umepungua uzito, unatoka jasho usiku? Ni maswali ya kuchunguza kifua kikuu, na yameokoa maisha ya watu wengi. Nimeyauliza kwa miaka mingi nikiwa muuguzi hapa Tanga kabla sijastaafu. Kinachoniuma ni kwamba tunataka kujua kama shuka la mgonjwa limelowa, lakini hatuulizi ni kitu gani kilichomkurupua kitandani saa kumi za usiku, akihema na kuita majina ya watoto wake.

Naomba Wizara ya Afya na wakuu wa vituo waongeze swali moja tu katika maswali hayo, na waliweke pia kwenye kliniki ya presha, ya wajawazito na ya majeruhi: unalalaje, na ndoto zako zikoje? Naliomba kwa sababu ndoto mbaya zinazojirudia huwa na chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kinaweza kupatikana. Tiba yake iliyo bora haihitaji hata kidonge. Wasipoulizwa, watu huacha dawa zinazowaweka hai, hutafuta usingizi kwenye chupa, au hukesha macho mpaka mwili unaanza kudai haki yake wakiwa barabarani na usukani mkononi.

Wenzangu waliofanya kazi CTC katika miaka ya kile kidonge kimoja cha usiku watanielewa haraka. Ndani yake mlikuwa na dawa tatu, mojawapo ikiitwa efavirenz, miligramu 600. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kiwe cha kuanzia kwa watu wazima wenye VVU, na kilifanya kazi. Nimeona watu walioletwa kwa mkokoteni wakirudi baada ya miezi wakiwa wamejitwisha ndizi. Lakini efavirenz huingia kwenye ubongo. Wengine iliwapa kizunguzungu tu cha wiki mbili tatu. Wengine iliwapa ndoto nzito, zenye rangi na sauti, ndoto ambazo mtu akiamka bado anaziona ukutani.

Namkumbuka mama mmoja mjane, mama lishe wa karibu na stendi. Kila usiku alimwota marehemu mumewe akimwita kutoka ndani ya shimo, udongo ukiporomoka, na yeye akivutwa miguu. Mashemeji wakampeleka kwa mganga, mganga akasema marehemu anadai haki yake. Akachinjwa mbuzi, ndoto zikabaki palepale. Mwishowe yule mama akagundua mwenyewe kwamba usiku asiomeza dawa analala salama. Akaacha dawa. Kwenye daftari letu akaandikwa mtoro.

Alipofuatwa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, alikuwa amebaki mifupa. Akaja amejifunika kanga mbili, akakaa. Nilimwuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Mama, usiku unalalaje?" Akalia kwanza. Kisha akasema, "Sista, nyinyi hamjawahi kuniuliza hilo." Tukaanza kuulizana kwa utaratibu. Anafunga biashara saa ngapi? Saa tatu usiku. Anakula nini? Kilichobaki sufuriani: wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Dawa anameza saa ngapi? Palepale, akimaliza kula, kisha analala.

Hapo ndipo penye jibu. Efavirenz ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi, mwili hufyonza kiasi kikubwa zaidi, na usumbufu wa kichwani huongezeka. Tena wako wengi kati yetu Waafrika ambao wamerithi maini yanayoivunja dawa hiyo polepole, kwa hiyo hukaa nayo mwilini muda mrefu kuliko wenzao. Yule mama hakuwa na deni kwa marehemu. Alihitaji kula magharibi, kabla wateja wa usiku hawajajaa, na kumeza kidonge chake tumbo likiwa tupu anapokwenda kulala. Aliporudishwa kwenye dawa kwa utaratibu huo, ndoto zilipungua wiki kwa wiki, akanenepa, akarudi jikoni. Mbuzi alikwisha kuliwa, lakini hilo si neno, wajukuu walipata nyama.

Kuanzia mwaka 2019 kidonge chetu kilibadilishwa, dolutegravir ikachukua nafasi ya efavirenz, na malalamiko ya ndoto yakapungua mno. Hata hivyo dolutegravir nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi, na kwa hao dawa mara nyingi ni kuhamisha saa ya kumeza kutoka usiku kwenda asubuhi. Ni ushauri wa dakika moja. Nani ataupata kama hakuna anayeuliza? Wenye presha au mapigo ya moyo ya kasi waliopewa propranolol nao wanaweza kuota vibaya, na baadhi ya dawa za sonona hufanya hivyo pia. Namsihi anayesoma haya asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Aende aliyempa amweleze, na aseme wazi: tangu nianze hii, naota hivi.

Sasa kuhusu usingizi wenyewe. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu hukimbia huku na huku chini ya kope, na aliyeamshwa wakati huo mara nyingi husema alikuwa anaota. Usiku wetu hupita kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mwanzoni mwa usiku usingizi mzito ndio mrefu. Kadiri alfajiri inavyokaribia, vipindi vya kuota hurefuka. Ndiyo maana wagonjwa wangu karibu wote walitaja saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Wengi waliamini saa hizo ni za wachawi kupita. Ni saa ambazo kila mwanadamu, mwenye amani na asiye na amani, anaota zaidi.

Katika kipindi hicho ubongo hufunga misuli ya mikono na miguu ili tusiamke tukaanza kupigana na ndoto. Ikitokea mtu akazinduka kabla misuli haijafunguliwa, anajikuta macho yanaona chumba, masikio yanasikia feni, lakini hawezi kuinua hata kidole, na kifua anakihisi kimekaliwa. Mara nyingine anamwona mtu kabisa amesimama pembeni. Sisi watu wa pwani hali hiyo tunaijua tangu mababu, tunasema mtu kakabwa na jinamizi. Mwaka 1995 hofu ya zimwi liitwalo Popobawa ilipowaka Pemba kisha Unguja, watu wengi walieleza mambo ya namna hiyohiyo: kuamka umegandamizwa, huwezi kupiga kelele. Familia nzima zikahamia uani, zikakesha zimezunguka moto. Siwadharau hata kidogo, hofu ile ilikuwa ya kweli miilini mwao. Ila kukosa usingizi na kuvuruga saa za kulala ni katika mambo yanayozidisha kukabwa, kwa hiyo naamini wengi waliokesha kwa kuogopa kukabwa walijiongezea uwezekano wa kukabwa walipokuja kusinzia.

Kukabwa huku huwa zaidi kwa anayelala chali. Hapa nawakumbusha Waislamu wenzangu jambo tulilofundishwa madrasa tangu wadogo. Aliyeota vibaya ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, na ageuke aache ubavu aliokuwa ameulalia. Nilipokuja kusoma habari za kulala chali nikiwa mtu mzima, nilifurahi kuona kwamba kugeuka ubavu ni jambo ambalo hata daktari angeagiza. Wako wanaoniambia pia kwamba tumefundishwa tusizisimulie ndoto mbaya, sasa itakuwaje nesi aulize? Ninavyoelewa mimi, kusambaza ndoto kwa majirani na kuagua nani kakuroga ni jambo moja, na kumwambia tabibu kwamba hulali ni jambo jingine. Tena, tiba ninayotaka kuieleza haikulazimishi umsimulie mtu yeyote ulichokiota.

Tiba hiyo nilifundishwa kwenye semina na daktari wa magonjwa ya akili, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya. Ni hivi. Mchana, ukiwa macho na umetulia, unaichukua ile ndoto inayokurudia na kuibadilisha utakavyo. Unaweza kubadilisha mwanzo, katikati, au mwisho, au kitu kimoja tu. Hakuna wa kukuambia ubadilishe nini. Kisha unakaa dakika 10 hadi 20, unaipitisha ile ndoto mpya akilini kana kwamba unaiona: rangi zake, harufu yake, nani yupo. Unafanya hivyo kila siku. Ile ya zamani huhitaji kuirudia. Na kama ndoto yako inatokana na jambo zito mno, unaanza na ndoto nyingine iliyo nyepesi kuliko hiyo, mpaka uzoee.

Daktari Barry Krakow na wenzake walilipima jambo hili huko New Mexico, Marekani, kwa wanawake 168 waliowahi kubakwa au kushambuliwa kingono, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliofundishwa ndoto zao mbaya zilipungua na usingizi wao ukawa bora kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Mafunzo yalikuwa ya vikao vitatu tu. Mwaka 2018 madaktari wa usingizi wa Marekani, kupitia chama chao, waliipa njia hii nafasi ya mbele katika mapendekezo yao kuhusu ndoto mbaya. Mwaka huohuo, prazosin, dawa ya presha iliyotegemewa sana kwa ndoto za askari wastaafu wa vita, ilijaribiwa kwa zaidi ya watu 300 na haikuonekana kuishinda dawa bandia. Sisemi dawa hazina nafasi, wako wanaosaidiwa nazo. Nasema tuna kitu ambacho zahanati ya kijijini isiyo na umeme inaweza kukitoa leo.

Nilikitumia kwa kijana mmoja utingo wa malori. Gari lao liligongana na jingine usiku kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, dereva akafia pale. Mguu wa kijana ukaungwa, ukapona, akaruhusiwa, na faili likafungwa. Lakini kila alfajiri taa mbili za gari lile jingine zilimjia ndotoni, naye akashindwa kufungua mlango. Akawa haogopi barabara tu, anaogopa kitanda. Alikuwa anakaa kwenye kijiwe cha kahawa mpaka wazee wanaondoka, akifika nyumbani anawasha redio na kuketi mlangoni. Mama yake ndiye aliyemleta kwangu. Alikuja na kofia imefunika macho, akaniambia, "Shikamoo mama. Mimi si mgonjwa, ni usingizi tu."

Sikumwuliza ajali ilikuwaje. Nilimweleza ile kazi, nikampa daftari. Siku ya kwanza hakuandika kitu. Akaniuliza, "Kwa hiyo nidanganye?" Nikamwambia ndoto ni yake, na anayo ruhusa. Akakaa nalo nyumbani, akarudi amebadilisha jambo moja: zile taa mbili. Yeye alikulia Sahare, baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Katika ndoto yake mpya taa zinakuja kwa mbali, zinakaribia, na kumbe ni karabai za ngalawa zinazorudi kutoka kuvua. Lori linasimama Muheza. Mlango unafunguka bila taabu, anashuka, ananunua machungwa, na dereva anachagua naye.

Nilimuuliza kama anataka dereva awemo. Akasema ndiyo, lazima awemo.

Akaipitisha kila siku baada ya sala ya alasiri, ameketi kwenye boti iliyopinduliwa pale ufukweni. Ndoto ya zamani haikuondoka mara moja. Kwanza ilikuja na taa tu bila mgongano. Kisha ikaanza kuruka usiku. Baadaye zikapita wiki bila kuonekana. Machungwa hakuwahi kuyaota, na wengi huwa hivyo. Ndoto mpya si lazima ije usiku, inatosha ile ya zamani ikilegea. Leo anafanya kazi bandarini, usiku analala. Barabara bado haipendi, na sioni kwa nini tumlazimishe.

Kuna mambo mengine ambayo nitayasema kwa ufupi kwa sababu yanajulikana zaidi, ingawa hayafuatwi. Pombe humlaza mtu haraka, halafu nusu ya pili ya usiku usingizi hukatikakatika na ndoto zilizozuiwa mwanzoni huja kwa fujo. Anayekunywa ili asiote anajipeleka kulekule anakokukimbia. Valiamu na piritoni zinazonunuliwa dukani bila cheti ni hatari nyingine. Valiamu humfanya mtu aitegemee, na akiiacha ghafla baada ya muda mrefu, usingizi humkimbia na ndoto humrudia kwa nguvu. Kahawa ya kijiweni naipenda, nimekulia humo, lakini kikombe cha saa tatu usiku bado kimo mwilini saa nane. Na mirungi sina haja ya kuieleza.

Joto ndilo sisi wa pwani tunalolisahau. Mwili hulala vizuri unapopoa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, umeme ukikatika na feni ikasimama, chumba cha bati kisicho na dari ni tanuri. Watu wanahangaika usiku kucha, wanaamka mara nyingi, na anayeamka mara nyingi alfajiri ndiye anayezikumbuka ndoto. Kuoga kabla ya kulala kunasaidia. Kufungua madirisha yote mapema jioni, kabla mbu hawajaingia, kunasaidia. Chandarua kilichofumwa kwa matundu makubwa kidogo hupitisha hewa kuliko kile chenye kitambaa kizito, na asikivue mtu kwa sababu ya joto, maana homa ya malaria nayo huleta mazimwi yake kitandani. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata Jumapili. Anayeanza na hilo moja huwa ameanza vizuri.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto wa miaka minne anayepiga kelele saa tano usiku, macho wazi, hakujui, na asubuhi hakumbuki lolote, hajaona shetani. Yuko katikati ya usingizi mzito na hajaamka. Usimtikise wala usimmwagie maji, mlinde asianguke, atalala tena. Anayeamka alfajiri akilia na kukusimulia kilichomkimbiza, huyo ameota. Mkumbatie, na mchana mpe karatasi achore, kisha mwulize angependa simba yule afanyeje. Watoto hubadilisha ndoto kwa wepesi ambao sisi wakubwa tumeupoteza. Ila mtoto ambaye ndoto zimeanza ghafla, anaogopa mtu fulani au chumba fulani, anakojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, tafadhali msikilizeni kwa makini na mkamwone afisa wa ustawi wa jamii. Hapo tatizo liko mchana.

Najua nitaambiwa foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Nimekaa nyuma ya meza ile, nazijua foleni zake. Swali ninaloliomba linachukua muda uleule wa swali la jasho. Wengi watajibu wanalala salama, nawe utaendelea. Atakayesita, mtazame. Mwulize dawa zake na saa anazomeza, kama anakoroma mpaka pumzi inakatika, kama anakunywa, kama kuna jambo lililompata. Mfundishe ile kazi ya mchana, mpe tarehe ya kurudi. Mwenye kuona bora asiamke, au anayeota tukio lilelile miezi kwa miezi baada ya kubakwa, ajali au kifo, huyo usimwache aende peke yake. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyohiyo, na mkono kwa mkono ikiwezekana, kwa sababu barua ya rufaa peke yake mara nyingi huishia mfukoni.

Fomu mpya zinapochapishwa huwa kuna nafasi ya kuongeza mstari. Wanaoziandaa wakinihitaji niwasaidie kuuandika, niko Tanga.